Gunia la Jiwe

Kru.

Sauti ilitoka upande wa ukutani, gizani, karibu na kichwa cha mtoto. Haikuwa panya. Panya wa chumba kile Mama Chiriku aliwajua: wana haraka, wakikwaruza mara moja wamekwishapotea. Hii ilikuwa sauti ya mtu anayetafuna kwa siri, anasimama kusikiliza kama amesikika, kisha anatafuna tena. Kru. Halafu kimya. Halafu pumzi iliyovutwa ghafla, kama ya mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Chiriku?"

"Mm."

"Unakula nini?"

"Sili."

Alipitisha mkono chini ya blanketi, akapapasa mpaka akakipata kiganja kilichofumbwa. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mkate wa shule, kikavu kama gome la mti. Tangu shule ianze kugawa mikate, binti yake alijizoesha hivyo: nusu anakula darasani, nusu anaishindilia kwenye mfuko wa sweta, aje aitafune kabla hakujapambazuka. Njaa yake ilikuwa na mazoea ya kuamka kabla yake mwenyewe.

"Umeniuma," mtoto alisema.

"Nini kimekuuma?"

"Mkate."

Mama alicheka kidogo. Mkate na kuuma wapi na wapi? Lakini mkono ulikwishafika mdomoni. Alikiuma kile kipande jinsi alivyofundishwa kwenye kinu cha unga alikofanya kazi, kwa meno ya mbele, taratibu, ulimi umerudishwa nyuma usije ukaharakisha kumeza.

Kru.

Kicheko kilimkauka. Mtu aliyekulia kwenye unga hawezi kuchanganya mchanga na jiwe. Mchanga hulalamika mdomoni kidogo, kisha hupotea na mate. Jiwe halilalamiki. Linakaa pale pale, dogo, gumu, linangoja jino.

Aliwasha taa, akamwinua mtoto kidevu. "Achama." Pengo la mbele alilifahamu, hilo lilikuwa jino la utoto na lilikwishazikwa kwa heshima zake zote nyuma ya nyumba. Aliangalia ndani zaidi. Gego la nyuma, lile lililoota mwaka huu huu, la kukaa na mtu mpaka uzeeni, lilikuwa limepasuka pembeni kama kikombe kilichogongwa na sinki. Damu nyembamba ilikuwa ikizunguka fizi.

"Litaota jingine?" Chiriku aliuliza, mdomo bado wazi.

"Sukutua. Na wenzako je? Mkate unawauma?"

"Wanatema chini ya dawati. Mwalimu akasema tule, cha bure hakina mwiba."

"Wewe ukasema nini?"

"Nikasema kina."

Hakuna aliyeshangaa mtoto yule kuitwa Chiriku. Alianza kusema kabla ya kutambaa, na tangu siku hiyo hakufunga mdomo. Jirani walimwambia mama yake amfundishe kunyamaza, naye akawa anawajibu kwamba mtoto anayesema hapotei sokoni. Baba mtu alikuwa amekwenda kutafuta maisha, na maisha yakamficha huko huko. Sauti ya Chiriku ndiyo iliyoijaza ile nafasi, asubuhi hadi jioni.

"Litaota, mama?"

Mama alizima taa. Kulikuwa kunaanza kucha, na mafuta si maji.

*

Kinu na bekari vilijengwa mgongo kwa mgongo mwisho wa mtaa, ukuta mmoja, paa mbili. Wenyeji walipenda kusema kinu ndicho kilichoizaa bekari, na wenye bekari walipenda kusema bila wao kinu kingekuwa kinasaga chakula cha kuku. Zamani jiwe lilizungushwa na punda aliyefungwa kitambaa machoni. Baadaye ikaja injini, na mkanda wake ukawa unapiga makofi kutwa nzima kama mgeni asiyejua sherehe imekwisha. Msagaji wa kwanza na mwokaji wa kwanza walikuwa wakwe, na kama wakwe wengi, hawakuelewana. Mkate ukitoka mbaya, mwokaji anasema ni unga. Msagaji anasema ni tanuri. Siku moja wake zao wakachoka kusikiliza. Wakatoboa dirisha dogo kwenye ule ukuta wa kati na kuweka sheria: kila asubuhi mkate wa kwanza kutoka tanurini upitishwe dirishani, watu wa kinu waule wote, kabla gunia lolote jipya halijatoka. Ukaitwa mkate wa kurudi. Msagaji aliyesaga ovyo aliung'ata uovyo wake kwa meno yake mwenyewe.

Na sheria ya pili ilikuwa ya jiwe. Jiwe likitumika sana hulainika, lazima linolewe; mchongaji analifunua, anakaa juu yake na nyundo na patasi, anachimbua upya ile mifereji inayokata ngano. Likirudishwa, kwa muda linapukutika. Ndiyo maana hupitishwa pumba kwanza, za kulisuuza, na baada ya pumba ngano ya gunia moja ambayo hailiwi na mtu. Hilo ndilo gunia la jiwe. Lilishonwa kwa uzi mwekundu, likapelekwa kwa wajalidi wa vitabu na wabandika matangazo, wakalipika gundi. Hapakuwa na haja ya kuuliza wala kueleza. Hata asiyejua kusoma aliusoma ule uzi.

Kisha akaja Bwana Safi. Alinunua bekari, na kabla watu hawajamaliza kuzungumza habari hiyo, akawa amenunua na kinu pamoja na vile vyumba vya nyuma walivyokaa wafanyakazi. Alipaka rangi. Aliweka bango. Alileta makoti meupe. Dirisha la ukutani aliliziba kwa saruji akasema ni mambo ya usafi, na mkate wa kurudi akaufuta akasema watu walikuwa wakila faida. Kila alipomaliza kutoa amri alisema, "Safi," na jina likamkaa.

Mama Chiriku alikuwa mshonaji wa magunia. Kiti chake kilikuwa karibu na mlango, mapajani gunia, mkononi shazia, ile sindano nene iliyopinda ncha, na pembeni kopo la nyuzi. Uzi mwekundu ulikuwa umekwisha miezi iliyopita. Alikwenda stoo kuuomba, akaambiwa utakuja. Haukuja. Naye hakuuliza tena, kwa sababu alifikiri kama ambavyo mtu yeyote wa kinu kile angefikiri: pasipo uzi mwekundu hakuna gunia la jiwe. Alidhani jiwe bado halijanolewa. Akaendelea kushona kwa uzi mweupe kila kilichofika mbele yake.

Asubuhi ile alifika, akaweka mfuko wake chini, ukiwa na sweta jekundu la Chiriku lililofumuka mkono, la kutengeneza wakati wa mapumziko. Gunia la kwanza lilikuwa tayari linamsubiri. Aliingiza sindano. Kisha akamwona kaka yake akipita na ndoo ya maji, yule mchongaji wa jiwe waliyemwita Mchonga, mikono imejaa madoadoa ya buluu toka viganjani hadi kwenye viwiko; vipande vya chuma vya patasi viliingia ngozini miaka na miaka, vikakaa.

"Kaka. Jiwe umelinoa lini?"

"Lo! Salamu imepanda bei siku hizi?"

"Shikamoo. Umelinoa lini?"

"Marahaba, mama mkwe. Jana. Mbona unanihoji kama askari wa zamu?"

"Na gunia lake liko wapi?"

Mchonga aliiangalia injini. Aliangalia mkanda. Aliangalia maji kwenye ndoo kana kwamba ndiyo yaliyoulizwa.

"Hilo unaloshona," alisema.

Sindano ilikuwa imepita nusu. Akaiacha hapo hapo, imesimama.

"Pumba za kusuuzia je?"

"Pumba zina mwenyewe siku hizi. Wanapelekewa wafugaji. Ng'ombe wanakula vizuri sana mwaka huu, wasalimie."

"Sikutanii, kaka. Linakwenda wapi?"

Alitua ndoo. Alisogea mpaka sauti yake ikawa chini ya makofi ya mkanda. "Mikate ya shule. Na si hili tu. Yote, tangu bosi alipoanza ile kazi ya shule. Jiwe linakimbizwa mchana na usiku, nalinoa mara kwa mara, na kila nikilinoa gunia linakwenda huko. Nilimwambia, nakuapia. Akaniuliza, mteja wa dukani aking'ata jiwe atafanya nini? Nikasema atahama duka. Akasema, haya, na mtoto wa shule atahamia wapi?"

"Akasema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Halafu akasema safi."

"Mpwa wako amepasuka gego."

Mchonga alianza kujikuna mkono pale kwenye madoa ya buluu.

"La utoto?" aliuliza mwishowe.

"La utu uzima."

"Nilimwambia mara ya pili," alisema, na sasa alikuwa hamtazami. "Akaniuliza kama chumba ninacholala ni changu. Na wewe chako. Akavitaja vyote viwili, cha kwangu na cha kwako."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanyaje? Ungeshona huku unalia? Gunia lingekwenda tu, dada yangu. Lingekwenda limelowa."

Aliinua ndoo yake akaenda. Mama Chiriku alibaki na gunia magotini, zito na vuguvugu bado, kama mtoto aliyelala. Akaichomoa sindano. Akautoa ule uzi mweupe wote. Kisha akainama kwenye mfuko wake, akalivuta sweta, akaitafuta ncha pale mkono ulipokuwa umefumuka, akaanza kuvuta. Ulifumuka vizuri, mstari kwa mstari, kama uliokuwa unangoja. Aliukunja mara mbili ili upate nguvu, akautia kwenye tundu la sindano.

"We dada!" Mchonga aliita toka kwenye jiwe. "Unafanya nini hapo?"

"Nashona."

"Usitutafutie balaa!"

"Mimi sisemi neno. Nashona tu."

Alimaliza kwa fundo lake, lile la kurudi nyuma mara mbili na kujimeza, alilofundishwa na mama yake. Kila mshonaji ana fundo lake. Gunia likipasuka njiani watu wanajua la nani. Wapagazi wakaja, wakalibeba, wakatokomea nalo. Mmoja wao, mtu mzima aliyebeba unga tangu enzi za mkate wa kurudi, aliuona ule uzi, akaliweka gunia begani kwa uangalifu zaidi ya kawaida.

*

Injini ilizimwa kabla ya mapumziko.

Watu wa kinu huishi ndani ya kelele kama samaki ndani ya maji. Ikikatika ghafla wanainua vichwa vyote pamoja. Mlangoni alisimama Mwokaji na kigari cha mkono, unga mpaka kwenye kope, na juu ya kigari lile gunia. Mbele yake Bwana Safi, shati limenyooshwa, kitambaa cha mkononi kimefunika pua.

"Habari za kazi, dada yangu?"

"Nzuri, bosi."

"Nzuri, au nzuri safi?"

Watu walicheka. Ilibidi.

"Sasa hii rangi," alisema, akaugusa uzi kwa kidole kimoja. "Mwokaji anasema ameuona akaogopa kuufungua. Mimi nikasema kwani ni bomu? Nani kakupa uzi huu?"

"Ni wangu, bosi. Nimetoka nao nyumbani."

"Ala! Stoo yangu imekuwa maskini mpaka wafanyakazi wanatoka na nyuzi nyumbani?"

"Ni desturi ya kinu, bosi. Gunia la jiwe—"

"Jiwe?" Aligeuka taratibu, akawazunguka wote kwa macho. "Jiwe gani? Mimi nanunua ngano, nasaga ngano, nauza unga. Kuna mtu anaona jiwe hapa? Wewe, fundi. Kuna jiwe hapa?"

Mchonga alikuwa ameegemea mawe mawili makubwa kuliko gurudumu la lori.

"Hapana, bosi," alisema.

"Mwokaji, mkate wangu una jiwe?"

"Mimi naoka ninacholetewa, bosi."

"Tazama, jibu la wakili hilo!" Watu wakacheka tena, safari hii kwa uchovu.

Bwana Safi alikirudisha kitambaa mfukoni, akachuchumaa mbele ya kile kiti mpaka uso wake ukawa sawa na wa Mama Chiriku. Alinukia sabuni. Alizungumza kwa upole, kama daktari.

"Mimi sina ubaya na mtu. Unanijua. Lakini tufikiri pamoja, sisi watu wazima. Mtu akisema mkate una kitu, wataulizia unga. Wakiulizia unga, watatafuta magunia. Wakiyapata magunia, hili fundo hapa... hili ni la nani?"

"Langu."

"Sikusikia."

"Langu, bosi."

"Lako. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kushona gunia, hata sindano yenyewe siijui inashikwaje. Magunia yote yaliyotangulia kwenda kwenye mikate ya shule, fundo ni lako. Uzi mweupe, fundo lako. Basi kama kuna mtu amekuwa akiwalisha watoto mawe, sijui ni nani huyo." Akatabasamu. "Lakini hakuna jiwe. Si ndiyo?"

Maneno yalikuwepo. Yalikuwa yamepangana: mwanangu, gego, damu. Alifungua mdomo.

"Na nasikia una binti pale shuleni," Bwana Safi akaendelea, bado kwa upole ule ule. "Kesho tunaye mgeni rasmi. Nimefikiri huyo binti ndiye apokee mkate wa kwanza. Mtoto wa mfanyakazi wetu. Itapendeza, au sivyo? Na wewe utakuwepo kumpigia makofi."

Mdomo ukafungwa.

"Fumua," alisema.

Alifumua. Kinu kizima kilimtazama: wachekechaji na chekeche zao, wapagazi, kaka yake, Mwokaji aliyekuwa akipangusa kope bila sababu. Uzi mwekundu ulitoka tundu kwa tundu. Bwana Safi akaupokea, akauviringisha kwenye kidole kama pete, akautia mfukoni. Kisha mwenyewe, kwa mkono wake, akamchagulia uzi mweupe kutoka koponi.

Mama Chiriku alishona. Alitamani sindano imchome apate kisingizio cha kulia. Haikumchoma, mkono uliozoea kazi hauna huruma. Mwisho wa mshono akasita, akafikiria kufunga fundo la mtu mwingine, fundo lolote, la mtu asiyekuwepo.

"La kwako," Bwana Safi alisema. "Lile zuri."

Akalifunga.

"Safi."

Mkanda ukaanza tena kupiga makofi.

*

Jioni alipika uji mwepesi. Chiriku aliunywa kichwa kimeinamia upande wa kushoto, huku akisimulia habari za mwenzake aliyetapika darasani na mwalimu aliyesema ni minyoo. Mama yake alikuwa akilishona sweta. Mkono mmoja ulikuwa umebaki mfupi, umeishia chini kidogo ya kiwiko, na hakuwa na kitu chekundu cha kuuongezea. Aliukunja pindo, akaushona, akakata uzi.

"Kesho watakuita mbele ya watu," alisema.

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Watakupa mkate."

"Nusu?"

"Mzima."

Chiriku alikiacha kikombe. Mkate mzima! Alisimama akajaribu kuupokea hewani, mikono yote miwili, magoti yamekunjwa kwa adabu. Akajaribu tena mbele ya kipande cha kioo. "Niseme asante?"

"Sema asante."

"Nitafune upande upi?"

"Usitafune. Ng'ata kidogo sana, umeze."

"Na ukiniuma?"

Mama alikuwa anatafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mkononi mwake.

"Ukikuuma, usiseme."

Mtoto alimgeukia. Tangu azaliwe majirani walimwambia anyamaze, na walimu, na mjomba wake kwa utani, na abiria wasiomjua kwenye safari. Mama yake, kamwe.

"Nisimwambie mwalimu?"

"Usimwambie mtu."

"Na yule mgeni je?"

"Usimwambie mtu yeyote, Chiriku. Umenisikia? Tutalala wapi?"

Hilo la kulala mtoto hakulielewa, na mama hakulirudia. Alimvuta akamkalisha mapajani, mkubwa alivyokuwa, miguu inaning'inia mpaka sakafuni. Mtoto alinukia uji na vumbi la chaki.

"Na wewe nisikuambie?" Chiriku aliuliza baada ya muda.

"Mimi najua tayari."

Mtoto alifikiri. Kisha akalala kifuani pake bila kusema neno jingine, na chumba kile, ambacho hakikuwahi kuwa kimya wakati yeye yu macho, kikanyamaza mapema.

*

Shuleni walifunga turubai. Walipanga viti, wakatandika kitambaa juu ya meza ya mwalimu mkuu, wakaweka vikapu vya mikate vilivyofunikwa, na nyuma yake bango: mkate mweupe mkubwa unaotoa moshi, na mtoto anayecheka meno yote. Wafanyakazi wa kinu na bekari waliletwa kwa lori, wakavishwa yale makoti meupe, wakasimamishwa mstari mmoja kando ya ukuta. Mama Chiriku alisimama kati ya kaka yake na Mwokaji. Jua lilikuwa usoni.

"Umelala?" Mchonga alinong'ona.

"Wewe je?"

"Nimelala usingizi wa mawe," alisema, na hakucheka.

Mgeni rasmi alikuwa mzee mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya mtu anayewapenda wajukuu zake. Alihutubia kidogo, akachoka kusoma, akaikunja hotuba akaitia mfukoni. "Maneno hayashibishi," alisema kwenye kipaza sauti, na watoto wakapiga kelele kwa furaha. Bwana Safi alipanda, akashukuru, akasema kinu na bekari ni kama mama na mwana, na leo mwana amekuja kuwalisha wadogo zake. Makofi. Kisha akasoma jina.

Chiriku alitembea peke yake katikati ya uwanja. Miguu myembamba, soksi mbili za rangi tofauti, sweta jekundu lenye mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi. Alipofika mbele, macho ya Bwana Safi yalitua kwenye ule mkono mfupi. Yakakaa hapo. Mkono wake wenyewe ukashuka polepole mfukoni, ukapapasa kitu, na akauinua uso kuutafuta mstari wa makoti meupe. Alimpata aliyekuwa akimtafuta.

Mama Chiriku hakuondoa macho.

Mkate ulitolewa. Mtoto akaupokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa, kama alivyojaribu mbele ya kioo. "Asante," alisema, na uwanja mzima ukasema "Aaa!" kwa mahaba. Mpiga picha akachutama. Mgeni rasmi, ambaye hakupenda mambo ya kusimama tu, akachutama pia kwa taabu, akamshika mtoto bega, akakisogeza kipaza sauti katikati yao wawili.

"Ng'ata basi, mjukuu wangu, tupige picha. Ng'ata usiogope."

Chiriku alikiinamisha kichwa upande wa kushoto. Aling'ata kidogo sana.

Spika zilikuwa mbili, juu ya miti, zimeelekezwa mtaani ili na wapita njia wasikie. Kru, ikatoka juu yao wote, kubwa, kavu, ikagonga ukuta wa madarasa na kurudi.

Mwokaji alifumba macho. Mchonga, ambaye mikono yake ilikwishaanza kupiga makofi, hakujua namna ya kuisimamisha. Akaendelea peke yake, makofi mawili, matatu, madogo, mpaka nayo yakaisha. Bwana Safi alikuwa bado anatabasamu. Machozi yalimjaa mtoto lakini hayakushuka. Alimeza. Watu walimwona akimeza.

"Vipi, mkate mtamu?" mgeni rasmi aliuliza.

Chiriku alimtazama. Akautazama mkate. Kisha akageuka, akaanza kumtafuta mama yake kwenye ule mstari ambapo kila mtu alikuwa mweupe kama mwenzake, akaupitia uso kwa uso, mpaka akafika.

"Mbona huniambii, mjukuu wangu?" mzee alisema kwa upole, akakisogeza kipaza sauti karibu zaidi. "Mkate una nini?"

"Mama amesema nisiseme."